Mama Chumvi Akabidhi Njia

Tarehe 31 Julai mwaka huu, Bi. Hafidha Swalehe Nampunju ataurudisha ufunguo wa ofisi yetu ya Nachingwea, baada ya kuliongoza Shirika la Mapito kwa miaka kumi na saba. Ufunguo huo umepotea mara nyingi katika miaka hiyo, na karibu kila mara umekutwa chini kabisa ya mfuko wa kitambaa anaobebea chumvi. Mlinzi wetu ameomba safari hii akabidhiwe mbele ya mashahidi.

Kwa wageni watakaosoma wasifu huu siku ya sherehe, ni vizuri kueleza kwanza shirika letu linafanya nini, maana jina lake halisemi mengi. Mapito ni njia za ng'ombe. Tunazo tatu: moja Mkotokuyana, upande wa Nachingwea, na mbili upande wa Ruangwa, Likunja na Nandagala. Kila njia ni ukanda wa ardhi unaopita kati ya mashamba, ili mifugo ifike kwenye maji na malisho bila kukanyaga mazao ya mtu. Njia hizo hazina uzio. Zinasimama kwa makubaliano ya wakulima na wafugaji, na makubaliano, kama wajuavyo waliooa, yanahitaji kufanyiwa matengenezo kila wakati.

Hapo ndipo palipokuwa na hofu. Mwaka jana Bi. Hafidha alipotangaza kwamba anastaafu, watu hawakuhangaika sana na nani atakaa kwenye kiti chake, kwa kuwa kiti chenyewe alikuwa hakikalii. Waliuliza jambo zito zaidi: akiondoka, njia zitabaki? Kwa miaka yote hiyo, ng'ombe akiingia shambani simu ilipigwa kwake. Mfugaji akichelewa kutoa kundi lake kwenye mbaazi za mtu, simu kwake. Mkulima akisogeza jembe hatua chache ndani ya njia kwa kisingizio cha kuzibua mfereji, kwake. Aliyeogopa kuliko wote alikuwa Bi. Hafidha mwenyewe. Aliiambia bodi waziwazi kwamba kama njia zinashikiliwa na mtu mmoja mwenye pikipiki, basi shirika lote linaishi kwenye tairi. Wasifu huu utaeleza alikotoka na alichofanya kuhusu hofu hiyo.

Bi. Hafidha alizaliwa Likunja, katika familia ya wakulima wa korosho na ufuta. Alisomea kilimo, akarudi kwao kuwa Bibi Shamba, na kwa miaka mingi aliwafundisha wakulima wa Ruangwa namna ya kupogolea mikorosho na kupuliza salfa kwa wakati. Ndugu zake wanasema kwamba katika kipindi chote hicho mikorosho ya nyumbani kwake haikupata hata siku moja ya mafunzo hayo. Mume wake, Mzee Masoudi, aliipogolea peke yake, na alipolalamika aliambiwa asubiri zamu yake kama wakulima wengine. Zamu hiyo inaanza tarehe 1 Agosti.

Shirika lilipoanzishwa, wafugaji kutoka Kanda ya Ziwa walikuwa wameanza kuhamia huku na ng'ombe wao, na pande mbili zilikuwa hazijazoeana. Inafaa kuelewa kwamba ugomvi wao wa mwanzo haukutokana na ubaya wa mtu. Kule walikotoka wafugaji, mahindi yakishavunwa shamba huwa wazi na mabua ni chakula cha mifugo. Huku kwetu mahindi yakivunwa, mbaazi bado zimesimama katikati ya mabua zikisubiri Agosti. Mfugaji alitazama shamba akaona mabua. Mkulima alitazama shamba lilelile akaona mbaazi. Kisha ikaja korosho. Ng'ombe hupenda mabibo kuliko mtoto anavyopenda pipi, na akilimeza bibo hana muda wa kuichambua korosho iliyoning'inia mwishoni. Kwa hiyo kila upande uliamini kwamba upande wa pili ni wakorofi, na kila upande ulikuwa na ushahidi.

Bi. Hafidha aliacha kazi ya serikali akaja kuongoza shirika ambalo wakati huo lilikuwa na meza, benchi na jina. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupata siku ya mkutano. Ijumaa haikufaa kwa Waislamu. Jumapili haikufaa kwa Wakristo wengi, na Jumamosi haikufaa kwa familia za Wasabato. Jumatatu ilikuwa siku ya mnada wa ng'ombe. Alipendekeza Jumatano, na kwa kuwa hakuna dini wala biashara iliyoidai Jumatano, pande zote zikakubali. Bi. Hafidha alipenda kusema hayo ndiyo makubaliano ya kwanza ya shirika, na kwamba hakuna aliyeyavunja mpaka leo. Pia aliweka utaratibu wa kukaa: mkulima, mfugaji, mkulima, mfugaji, kwenye benchi moja. Kabla ya ajenda yoyote, kila mtu alimjulia hali jirani yake wa kushoto na kumuuliza habari za nyumbani kwa majina ya watu. Aliyekosa majina alitumwa akayaulize, na mkutano ulimsubiri.

Sasa tufike kwenye jina la Mama Chumvi, maana wapo vijana wanaodhani alipewa kwa sababu ya ukali wa maneno yake.

Njia ya kwanza ilipimwa Mkotokuyana, mwezi wa Juni. Ilikubaliwa kwamba mpaka wake uwekewe alama nyeupe kwenye miti iliyo pembeni, ili mchungaji aone mwisho wa njia kwa mbali. Miti iliyokuwa pembeni ilikuwa zaidi mikorosho ya Mzee Anuari, mkulima ambaye sauti yake husikika kijiji cha pili hata akinong'ona. Alama zilipakwa kwa chokaa. Kila mtu aliyewahi kupaka nyumba kwa ajili ya Idi anajua kwamba chokaa tupu hubanduka na kuchafua nguo, kwa hiyo huchanganywa na chumvi ili ishike. Bi. Hafidha alihofia umande wa Juni, akaamuru chumvi iongezwe, kisha akaamuru iongezwe tena. Kazi ilikwisha jioni. Miti ilipendeza. Picha zilipigwa.

Ng'ombe nao hupenda chumvi, na kuipata kwenye nyasi ni shida. Siku chache baadaye Mzee Anuari alikuta kundi zima limesimama kwenye mikorosho yake likilamba magome kwa utulivu mkubwa, wengine wakisubiri nyuma. Hakuna alama hata moja iliyobaki, na chini ya miti palikuwa pamekanyagwa kama uwanja wa ngoma. Alipiga kelele mpaka Bi. Hafidha akafika.

"Njoo uone, Bibi Shamba! Wamepanga foleni kama wako mnadani kwa korosho! Umewakaribisha wewe mwenyewe, na sahani umewapakulia!"

Mwenye kundi, Mzee Tomasi Ngasa, alikuwa ameshafika, amejiegemeza kwenye fimbo yake. Wasukuma humwita mama "mayu", na tangu siku ile amemwita hivyo. "Mayu," alisema kwa upole, "ng'ombe wangu hawajasoma. Umewaandikia mpaka, wao wamesoma chakula cha jioni."

Palikuwa na nafasi nzuri sana ya kugombana siku hiyo, na watu walikuwa wamekusanyika tayari kwa ajili hiyo. Bi. Hafidha alitazama magome yaliyong'arishwa na ndimi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini. Alipopata pumzi alimuuliza Mzee Tomasi ng'ombe anaweza kutembea mbali kiasi gani akifuata chumvi.

"Mpaka mwenye ng'ombe achoke," Tomasi akajibu.

Basi akamgeukia Mzee Anuari na kumuuliza kama ana gogo asilolihitaji. Anuari, akiwa bado anafoka, alisema analo, akaenda kulichimba liwe kihori, yaani chombo cha kulishia mifugo. Kihori kiliwekwa katikati ya njia, mbali na mikorosho, kikatiwa chumvi. Baadaye viliongezwa vingine mbele yake, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye malisho. Ng'ombe walishika katikati ya njia bila kupigwa fimbo, wakiwa na haraka ya kufika kwenye kihori kinachofuata. Alama za chokaa zilipakwa upya bila chumvi, umande ukazifuta, na hakuna aliyejali.

Hivyo ndivyo Njia ya Chumvi ilivyoanza. Baadaye Likunja wakaiga, kisha Nandagala. Wageni wanaokuja kujifunza huuliza utafiti wake ulifanyika wapi. Mzee Anuari huwapeleka kwenye mikorosho yake na kuwaonyesha magome. Yeye na Mzee Tomasi wamekuwa watani wa kila siku. Anuari humwambia Tomasi kwamba ng'ombe wake wana akili kumshinda, kwa kuwa wao walivumbua njia na yeye alisimama tu na fimbo. Tomasi hujibu kwamba Anuari ndiye mkulima pekee wa mkoa huu ambaye korosho zake zimekwisha kutiwa chumvi mtini.

Kutoka ugomvi uleule Bi. Hafidha alitoa utaratibu mwingine ambao sasa unajulikana katika kata zote tatu. Unaitwa kusemea. Kukitokea hasara, wenye ugomvi hawaruhusiwi kuanza na malalamiko yao. Mkulima husema ya mfugaji, na mfugaji husema ya mkulima, kila mmoja akieleza shida ya mwenzake mpaka mwenyewe akiri: "Hapo umenisemea." Ndipo fidia izungumzwe. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika. Wapo waliokaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri kwa sababu hawakutaka kutamka kwamba jirani naye ana watoto wa kulisha. Bi. Hafidha hakuwasukuma. Aliagiza chai.

Chai yenyewe ina historia yake. Nyumba za wafugaji humkaribisha mgeni kwa maziwa, na kuyakataa si adabu. Bahati mbaya tumbo la Bi. Hafidha halikuzaliwa kwa ajili ya maziwa. Kwa muda mrefu aliyanywa kwa ujasiri na kulipia njiani, akisimamisha pikipiki mara kwa mara kwenye vichaka. Siku alipomweleza ukweli mke wa Mzee Tomasi, mama yule alisikitika kwamba amemtesa mgeni bila kujua, na kuanzia hapo alimwekea majani ya chai ndani, akijua kwamba maziwa kidogo kwenye chai humkubali. Kwa wakulima kulikuwa na tatizo la pili, hotuba zake. Bi. Hafidha hufunga mkutano kwa kusema "la mwisho", na baada ya hapo kunakuja la mwisho jingine, halafu "la mwisho kabisa", na wazoefu hujua kwamba hapo ndipo anapoanza. Mzee Anuari aliwahi kwenda nyumbani kula kwenye "la mwisho" na kurudi kabla ya "la mwisho kabisa".

Turudi kwenye kustaafu. Alipoiambia bodi hofu yake, aliomba kitu ambacho wakuu wengi hawaombi. Alitaka kukosa kazi kabla hajaondoka. Mrithi alikuwa amekwisha kupatikana: Bi. Rahabu Gidioni, aliyesomea mifugo na kulifanyia kazi shirika letu kwa miaka kadhaa. Rahabu aliletwa Nandagala akiwa mtoto wa shule ya msingi, familia yake ilipohama kutoka Ziwa. Anakijua Kimwera, lugha ya wenyeji wa huku, kuliko vijana wengi wa Kimwera, ambao siku hizi wanaongea Kiswahili cha redio za Dar es Salaam. Hata hivyo yeye ni wa ukoo wa wafugaji, na Mzee Tomasi ni baba yake mdogo. Wakulima walisema, "Huyo ni wa kwao." Wafugaji walisema, "Huyo ni wetu." Kauli hizo mbili zilikuwa na hatari sawa.

Bi. Hafidha alichukua likizo yake yote aliyokuwa ameilimbikiza, akakaa Likunja tangu Machi. Aliyempigia simu kuhusu ng'ombe alijibiwa kwamba namba ya Rahabu ni ile iliyobandikwa mlangoni, na baada ya hapo alielezwa kwa kirefu habari za mikorosho ya Mzee Masoudi.

Mwezi wa Aprili, ufuta ukiwa umeshaweka maganda, kundi la Mzee Tomasi lilitoka kwenye njia ya Mkotokuyana likaingia shamba la Bi. Hadija, mjane anayelima pembeni kabisa mwa njia. Ng'ombe hawakula sana, ila waliupita ufuta huku na huku, na ufuta uliokanyagwa hausimami tena. Lilikuwa jambo lenyewe lililoogopwa. Ng'ombe walikuwa wa baba mdogo wa kiongozi mpya, shamba lilikuwa la mjane, na Bi. Hafidha alikuwa mbali, Likunja. Wapo vijana wa pande zote mbili waliokwisha kuchukua fimbo.

Rahabu alifika akawaketisha wote kwenye benchi. Bi. Hadija alimgeukia jirani yake na kumwambia kwa Kimwera, kwa sauti ya chini, kwamba hapa hakuna kesi, maana hakimu atakwenda kula kwa mshtakiwa jioni. Rahabu alimjibu kwa Kimwera kilekile, akimwomba alirudie kwa sauti ili wazee wa nyuma nao wasikie. Watu walicheka, na Bi. Hadija akajifunika uso kwa kanga. Hata hivyo hakuwa amekosea kuuliza, na Rahabu alimwambia hivyo. Kisha akamwambia Mzee Tomasi aanze kumsemea mwenzake.

Mzee Tomasi alidhani mwanawe atampunguzia. Alisema maneno machache kuhusu ufuta akanyamaza. Rahabu alimtazama Bi. Hadija. Bi. Hadija akatikisa kichwa: hajasemewa. Tomasi akajaribu tena.

"Baba," Rahabu akamwambia, "nyumbani nitakupikia. Hapa endelea."

Mzee akasema kwamba mama huyu alipalilia peke yake mara mbili, mgongo ukimuuma, na kwamba ufuta ndio ada ya mtoto wake anayemaliza kidato cha nne. Bi. Hadija akasema, "Hapo umenisemea." Ilipofika zamu yake, alimsemea Tomasi vizuri kuliko Tomasi alivyotarajia. Alisema ng'ombe wa mzee hawana tabia ya kutoka njiani. Walifika kwenye kihori karibu na shamba lake wakakikuta kitupu, wakazunguka wakitafuta chumvi yao, mchungaji akazidiwa.

Kwa nini kihori kilikuwa kitupu? Wakulima waliwatazama wafugaji, wafugaji wakawatazama wakulima, na polepole kila mtu akaelewa. Tangu siku ya magome ya Mzee Anuari, chumvi ya vihori ililetwa na mtu mmoja, kwenye mfuko wa kitambaa, juu ya pikipiki. Hakuna aliyemwagiza na hakuna aliyemzuia. Alipokwenda likizo, chumvi nayo ilikwenda likizo. Sote, wafanyakazi na wajumbe wa bodi, tulikuwa tumepanga makabidhiano ya gari, ya ofisi na ya mihuri, na hatukuwahi kuuliza vihori vinajazwa na nani.

Rahabu aliamua mambo mawili. Mzee Tomasi alikubali kumlimia Bi. Hadija shamba lote kwa ng'ombe wake msimu ujao na kumletea samadi, na hata vijana waliokuja na fimbo walikiri kwamba huo ni uamuzi wa haki. La pili lilihusu kila mtu. Kuanzia siku hiyo chumvi italetwa na wafugaji, nyumba kwa nyumba kwa zamu, na vihori vitachongwa na kukarabatiwa na wakulima ambao mashamba yao yako jirani. Zamu ya kwanza ilichukuliwa na Mzee Tomasi. Kihori kipya cha kwanza kilichongwa na Bi. Hadija, ambaye alikataa kusaidiwa.

Bi. Hafidha alipoelezwa habari hii alicheka kama siku ya chokaa. Alisema alikuwa akidhani anawasaidia, kumbe kila alipojaza kihori alikuwa akiwanyang'anya kazi yao. Akaongeza kwamba hilo liandikwe kwenye wasifu wake. Tumeliandika.

Kila Juni watu wa Mkotokuyana huitembea njia yote kwa pamoja, wakulima na wafugaji, kukagua mipaka kabla ya msimu wa korosho. Bi. Hafidha hutangulia mbele daima, na safari haijawahi kuanza bila yeye. Mwaka huu alirudi kutoka Likunja kwa ajili hiyo, akapanda pikipiki asubuhi na mfuko wake wa kitambaa umejaa, kwa tahadhari. Alipofika mwanzo wa njia hakukuta mtu. Palikuwa na nyayo za ng'ombe na za watu, zote zikielekea upande mmoja. Akampigia simu Rahabu.

"Mama, shikamoo. Tulikungoja kidogo," Rahabu alisema, nyuma yake kukisikika kelele za watu na sauti ya Mzee Anuari juu ya zote. "Halafu tukaona jua linatuwahi, tukaondoka. Utatukuta mbele."

Aliegesha pikipiki akafuata nyayo kwa miguu, peke yake. Alipita kihori cha kwanza, kikiwa na chumvi. Cha pili hivyohivyo. Kwenye kile cha Bi. Hadija, kipya, chenye pande zisizolingana sana, alisimama akatia mkono ndani na kuonja kwa ncha ya ulimi, akakuta ni chumvi nzuri. Mfuko wake hakuufungua. Waliomwona akitokea kwenye kona ya mwisho wanasema uso wake ulikuwa umelowa, na kwamba alipoulizwa alisema ni vumbi. Mwezi wa Juni huku vumbi halijaanza.

Chakula kilikuwa kimekwisha kupakuliwa. Mzee Anuari alimpisha nafasi kwenye jamvi, kati yake na Mzee Tomasi, mkulima kushoto na mfugaji kulia kama alivyowafundisha, akamwambia, "Umechelewa, Mama Chumvi. Kaa ule. Ila tafadhali, usituanzie na la mwisho."

Kikombe cha chai ya maziwa kikaletwa na mke wa Mzee Tomasi. Bi. Hafidha aliwatazama wote, wafugaji na wakulima wakiwa wamechanganyika bila kupangwa na mtu. Watu walisubiri hotuba. Alisema, "La mwisho: mmeondoka bila mimi." Kisha akaanza kula. Hapakuwa na la mwisho jingine, na Mzee Anuari, ambaye kwa miaka kumi na saba ameomba hotuba fupi, alilalamika kwamba hii haikumtosha.

Bi. Hafidha, wafanyakazi wenzako, wajumbe wa bodi na wanachama wa kata zote tatu wanakushukuru kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kukubali kuondoka polepole ili tujifunze kutembea. Mzee Masoudi, tunakurudishia Bibi Shamba wako akiwa salama. Umwanzishe na mikorosho ya nyuma ya nyumba, ndiyo imesubiri zaidi. Tunakuombea afya, usingizi usiokatizwa na simu, na miaka mingi ya kuamka bila haraka. Siku utakayotamani kuiona njia, njoo mikono mitupu. Vihori vimejaa.

Benedikto Chilumba
Mjumbe wa Bodi, kwa niaba ya Shirika la Mapito